Programu Rahisi Hujulikana kwenye Picha ya Mia Nne

Kijana anayeanza kazi ya picha hapa Mombasa huambiwa mapema kwamba mtaalamu hutumia Photoshop ya kompyuta na mwanagenzi hutumia Snapseed ya simu. Maneno hayo yamewapotezea watu muda na pesa, maana yanapima programu kwa wingi wa vitufe vyake. Anayeifanya kazi hii kila siku huishia kuuliza mambo matatu tu: picha ni ngapi, kosa liko sehemu gani ya picha, na mwisho wake itatazamwa wapi, kwenye kioo cha simu au kwenye karatasi. Picha moja ya Ngome ya Yesu utaimaliza kwenye Snapseed kabla chai haijapoa. Zikiwa picha mia nne za arusi, Snapseed hiyohiyo ndiyo inayogeuka kuwa programu ngumu kuliko zote. Kila picha lazima uifungue, uiguse na uihifadhi peke yake, na ukifika ya hamsini macho yamechoka na ngozi ya bibi arusi haina tena rangi iliyokuwa nayo kwenye picha ya kumi.

Tuanze na simu, maana ndiko kazi nyingi zilipo.

Snapseed ilitolewa na Nik Software mwaka 2011, Google wakainunua kampuni hiyo mwaka uliofuata, na mpaka leo hulipii kitu. Wengi huitumia kwa yale mapambo ya rangi yaliyo tayari, basi. Ndani yake mna vitu viwili vyenye thamani zaidi. Cha kwanza kimeandikwa Selective: unagusa mahali, tuseme shavu, nukta inakaa hapo, kisha kwa vidole viwili unapanua au unabana eneo lake na kuongeza mwangaza wa hapo tu. Nukta zinaweza kufika nane kwenye picha moja. Kila nukta hufuata rangi iliyofanana na ile uliyoigusa, kwa hivyo ukigusa shavu, shela jeupe lililo kando yake huguswa kidogo sana. Cha pili kimefichwa. Kwenye Snapseed ya Android ya toleo la 2, baada ya kufanya badiliko lolote, gusa ile alama ya leya (matabaka) iliyo juu, chagua View edits, gusa hatua unayoitaka, halafu gusa alama ya brashi. Sasa badiliko limeondoka kwenye picha nzima, nawe unalipaka kwa kidole pale unapolihitaji pekee. Hiyo ni maski kamili, kitu kilekile ambacho watu hukifuata kwenye programu kubwa za kompyuta.

Inakwama wapi? Kwanza kwenye Healing, kile cha kufuta madoa. Chunusi, tone la maji kwenye lenzi, au waya wa stima uliopita kwenye anga tupu, vyote hutoka vizuri. Lakini waya uleule ukikatiza makuti ya mnazi au nakshi za mlango wa Mji wa Kale, utaona nakshi zimepinda na majani yameyeyuka. Sababu ni kwamba hiki kinakisia chenyewe cha kubandika, na hukupewa nafasi ya kukiambia kichukue kutoka wapi. Kosa la pili ni la mtumiaji zaidi kuliko la programu: HDR Scape na Structure, zile za kukoleza utofauti wa mwanga na umbile, zikizidishwa huacha mzingo mweupe kuzunguka kila kitu cheusi kilichosimama mbele ya anga. Minara ya misikiti, minazi, vichwa vya watu kule ufuoni Mama Ngina, vyote vinang'ara kingo. Kwa picha ya mtu, Structure isipite 15, na usoni isiguse kabisa. HDR Scape mimi huiona haina kazi kwa picha ya binadamu.

Jua letu lenyewe ndilo linalosukuma watu kutoka programu rahisi. Mombasa iko nyuzi kama 4 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, jua la saa sita na nusu hupita karibu kabisa na utosi. Mtu aliyesimama ufuoni Nyali saa hizo ana mashimo meusi mahali pa macho na kipaji kinachomeremeta. Ukiwa na JPEG, faili la kawaida la picha lililobanwa, kila rangi ya msingi ina ngazi 256 tu kutoka giza hadi weupe, na ngazi zilizoangukia kwenye vivuli ni chache. Ukiinua vivuli hivyo kwa nguvu, zinaonekana chenga na mabaka ya kijani na zambarau chini ya macho. Faili la RAW (data ghafi ya kamera) la biti 14 lina ngazi 16,384, hata la biti 12 lina 4,096, na mashimo yale yanainuka bila kuraruka. Hapo ndipo programu inayosoma RAW vizuri inapokuwa na maana. Snapseed hufungua RAW za aina ya DNG, lakini kuzipitia moja moja kwenye kioo cha simu ni adhabu.

Kuna mpaka ambao hakuna programu inayouvuka, iwe ya bure au ya kulipia. Kanzu iliyoungua na jua hadi kila rangi ikasoma 255 haina nyuzi tena ndani yake. Ukishusha mwanga mkali utapata kijivu kitupu. Kwa hivyo unapopiga kanzu nyeupe juani, punguza mwangaza kwenye kamera kwa theluthi mbili za stopu au stopu nzima (stopu moja ni mwanga kupungua nusu), kisha uinue uso baadaye. Vivuli vya RAW vina nafasi ya kuinuliwa kuliko weupe uliokwisha kuungua. Vilevile lenzi iliyotoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi ikaingia kwenye joto la nje hushika mvuke papo hapo. Kitelezi cha Dehaze huongeza utofauti wa mwanga na giza, lakini ule ukungu unaozunguka taa hauondoki. Iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kama robo saa izoee joto. Ni bei nafuu kuliko programu yoyote.

Sasa arusi, ambako uamuzi huu unagharimu kweli.

Arusi ya hapa ina mambo mawili yanayochanganya programu yoyote yenye kitufe cha Auto: kanzu nyeupe upande wa wanaume na mabuibui meusi upande wa wanawake. Auto hutafuta wastani. Ikiona fremu imejaa mabuibui, inadhani picha ina giza, inainua mwangaza. Buibui linakuwa la kijivu na nyuso zinachujuka. Ikiona safu ya wazee wenye kanzu msikitini, inadhani mwanga umezidi, inashusha, na nyuso za wazee zinazama. Kwa mkupuo wa picha mia nne Auto inakupa mia nne zisizofanana. Fungua histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa giza na mwanga wa picha, na upuuze nguo. Weka mwangaza kwa kutazama ngozi ya uso. Programu nyingi za kompyuta huonyesha namba za rangi ukipeleka kishale juu ya pikseli. Kwenye ngozi zetu, iwe ya maji ya kunde au nyeusi kabisa, nyekundu hutakiwa iwe juu, kijani ifuate, bluu iwe chini. Bluu ikipita kijani, mtu anaonekana kapauka kama kapakwa jivu. Kijani ikikaribia sana nyekundu, anaonekana mgonjwa, na hilo hutokea mara nyingi akipigwa chini ya miti au karibu na hema la kijani. Snapseed haikuonyeshi namba hizo.

Kwa kazi ya namna hii Lightroom Classic, programu ya kompyuta ya kulipia ya Adobe, ndiyo rahisi, ingawa siku ya kwanza inatisha. Iliyo mfano wake na isiyolipiwa ni darktable. Utaratibu ni huu. Nakili kadi kwenye diski mbili tofauti kabla ya kufungua programu. Ingiza picha kwa kuchagua Add, zibaki pale ulipoziweka. Zipitie kwa kibodi, P kwa inayobaki, X kwa inayokataliwa, bila kugusa rangi hata moja. Kisha zigawe kwa mwanga, usizigawe kwa matukio: za chumba cha kupamba dirishani pamoja, za msikitini chini ya taa pamoja, za nje, za ukumbini. Kwenye kila kundi rekebisha picha moja mpaka uridhike, chagua kundi lote, bonyeza Sync ili marekebisho yake yanakiliwe kwa zote.

Dirisha la Sync likifunguka, ondoa alama kwenye ukataji na kwenye Healing. Anayeacha Healing imewekwa alama atashangaa kuona doa la kusafishia chunusi ya bibi arusi limetua kwenye jicho la shangazi yake picha tatu mbele. Maski zinazochagua mtu au anga zenyewe hazina tabu hiyo, maana programu huzitafuta upya kwa kila picha. Kama kamera ilikuwa inajipangia mwangaza yenyewe na picha zimepishana, kuna amri inayoitwa Match Total Exposures: inasawazisha kundi zima kufuata ile uliyoichagua. Kwenye darktable unanakili historia ya picha moja kwa Ctrl na C, unachagua nyingine, unabandika kwa Ctrl na V. Mazoea yake ni magumu zaidi, kwa kuwa ina moduli nyingi na kadhaa zinafanya kazi zinazokaribiana. Wa kuanza ashike tatu tu: exposure, color calibration na sigmoid. Nyingine azisahau mwezi wa kwanza.

Mizani ya weupe (White Balance), inayoiambia programu kipi ni cheupe, ina mtego wake hapa kwetu. Kile kidonezi cha rangi watu hukipeleka moja kwa moja kwenye kanzu wakiamini ni nyeupe. Kanzu iliyotiwa buluu ya kufulia, au kufuliwa kwa sabuni ya unga yenye kung'arisha, hurudisha mwanga wenye ubluu, zaidi ikipigwa flashi. Programu inaondoa ubluu huo kwa kuongeza njano, na arusi nzima inageuka rangi ya manjano. Kadi ya kijivu ya mpiga picha ikipigwa mara moja kila mwanga unapobadilika humaliza maneno. Jihadhari pia na hina. Ukipoza picha ili uondoe unjano wa taa za ukumbi, hina nyekundu inakuwa kahawia iliyokufa, na piko inashika ubluu. Mwenyewe aliyelipa fundi wa hina ataliona hilo kabla hajauona uso wake. Weka maski ya mikono peke yake na uirudishie joto kidogo.

Jambo la katalogi lazima lielezwe kwa sababu ndilo linaloumiza wanaotoka kwenye simu. Katalogi ya Lightroom haihifadhi picha. Inahifadhi maelezo ya ulichozifanyia na mahali zilipo. Ukihamisha folda kwa mkono nje ya programu, folda inabaki na alama ya swali, picha na alama ya mshangao, na haziwezi kutolewa. Ukifuta mafaili ukidhani yamo ndani ya katalogi, yamekwenda. Hamisha folda ukiwa ndani ya Lightroom, na ukitunza nakala, tunza vitu viwili: katalogi na folda ya picha. Anayefanya kazi na diski ya nje aziombee picha Smart Previews wakati wa kuziingiza. Ni vijipicha vyenye pikseli 2,560 upande mrefu, na ataendelea kurekebisha rangi hata diski ikiwa nyumbani. darktable kwa upande wake huweka faili dogo la XMP kando ya kila picha, hivyo folda ikihama na vijifaili vyake, kazi inahama nayo.

Halafu kuna suala ambalo wenye kuandika juu ya programu hizi huko nje hawaligusi. Picha za ukumbi wa wanawake, za kupamba na za bibi arusi ndani, hupigwa na mpiga picha mwanamke na hazitakiwi kuonwa na mtu mwingine. Kuna programu ambazo hupeleka picha kwenye seva bila kukuuliza kila mara. Tangu 2017 Lightroom zimekuwa mbili: Classic, ambayo mafaili hubaki kwenye diski yako, na ile nyingine ambayo hupandisha picha zenyewe mtandaoni. Majina yanafanana, tabia hazifanani. Vitufe vya kujaza au kuzalisha sehemu ya picha kwa akili mnemba ndani ya Photoshop navyo hufanya kazi kwenye seva za Adobe. Programu ndogondogo za simu za kulainisha nyuso, nyingi zake, hazikuambii picha imekwenda wapi. Kwa kazi hizi tumia Classic, darktable, GIMP (iliyo mfano wa Photoshop na isiyolipiwa), au Photopea ambayo ingawa hufunguka ndani ya kivinjari, faili hushughulikiwa ndani ya kompyuta yako. Na uzime upandishaji wa kiotomatiki wa picha kwenye simu yoyote iliyobeba nakala. Picha ya mtu ni data yake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, jina likishavuja hapa mjini hurudishi.

Photoshop, basi, ya nini? Ya kazi ambazo picha moja inahitaji saa nzima. Imekuwapo tangu 1990 na nguvu yake iko kwenye leya: unaweka badiliko juu ya picha bila kuigusa picha yenyewe, unalipunguza kesho, unalizima keshokutwa. Picha ya jamaa thelathini ambapo babu kafumba macho: unachukua fremu mbili zilizopigwa mfululizo, unaziweka leya mbili, unaziagiza zijipange kwa Auto-Align Layers, ile ya juu unaipa maski nyeusi, kisha unapaka nyeupe kwenye uso wa babu. Dakika tano. Lightroom haina njia ya kufanya hivyo, na Snapseed utaibembeleza mpaka usiku.

Kazi nyingine ni picha za zamani, na za namna hii Mombasa zimejaa makabatini: picha za studio za rangi nyeusi na nyeupe, zenye kuvu, mikunjo na madoa ya njano kwa sababu ya unyevu wa pwani. Hapa programu rahisi humdanganya mtu. Kuna za simu zinazorudisha sura kwa akili mnemba kwa mguso mmoja, na matokeo yake hupendeza mpaka aliyemjua marehemu atazame na kusema huyu si yeye. Programu imebuni macho na meno yanayofanana na ya watu wengine elfu.

Njia ya uhakika ni ndefu kidogo. Piga hesabu kwanza. Picha ya sentimita 6 kwa 9 ukiiskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) inakupa pikseli 1,417 kwa 2,126, na karatasi ya A4 kwa dpi 300 inataka 2,480 kwa 3,508. Haitoshi, iskani kwa 1,200 upate 2,835 kwa 4,252. Iskani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, uhifadhi TIFF, faili lisilopoteza ubora kama JPEG. Kwenye Photoshop fungua chaneli, zile sehemu tatu za nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha, uzitazame moja moja: doa la njano huonekana jeusi sana kwenye chaneli ya bluu na karibu kutoweka kwenye nyekundu. Chukua nyekundu peke yake uifanye ndiyo picha yako, na nusu ya kazi imekwisha bila kupaka brashi. GIMP hufanya vivyo hivyo kwa Mono Mixer, ukiweka nyekundu 1 na nyingine sifuri. Kisha fungua leya tupu juu, chagua brashi ya Healing isome leya iliyopo na zilizo chini yake, na usafishe madoa juu ya leya ile tupu. Anza na mandhari na nguo. Uso uufikie mwisho, brashi ndogo, na chochote usicho na hakika nacho kiache. Kovu la mzee si doa.

Kwa ngozi za walio hai, ile mbinu ya kutenganisha rangi na umbile la ngozi kwenye leya mbili huleta nyuso za plastiki mikononi mwa mwenye haraka. Mteja akikuambia "mwanangu, nitoe hizi chunusi lakini nisiwe mtu mwengine", amekupa kipimo kizuri. Ondoa cha kupita, kama chunusi na jasho. Mstari, alama ya kuzaliwa na weusi wake wa asili viache. Programu nyingi za urembo za simu hung'arisha ngozi hata pale ulipogusa kitufe cha kulainisha pekee, kwa hiyo linganisha na picha ya mwanzo kila mara.

GIMP inatosha kwa yote haya, kwa uvumilivu zaidi. Tangu toleo la 3.0 la Machi 2025 vichujio vyake vinaweza kubaki vinabadilishika. Kabla ya hapo ukivitumia vilikuwa vimeingia kwenye pikseli. Wageni hukwama mahali pawili. Save huhifadhi XCF tu, faili la GIMP lenyewe. Ukitaka JPEG lazima uende Export. Na RAW haifungui yenyewe, huikabidhi darktable au RawTherapee, programu nyingine ya bure ya RAW, iliyowekwa kwenye mashine hiyohiyo, kwa hivyo isipokuwapo utapata ujumbe wa kosa.

Mashine nayo ina kura. Laptop ya mitumba yenye RAM ya GB 4 haitakuwa na amani na Photoshop. Adobe wenyewe huanzia GB 8 na kupendekeza 16. Hesabu yake ni nyepesi: picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 ina pikseli milioni 24, mara baiti tatu ni kama MB 72 kwa leya moja, na ukifanya kazi kwa biti 16 inakuwa 144. Leya sita na historia ya hatua ishirini, mashine inaanza kuandika kwenye diski na kila brashi inachelewa. Kwa mashine kama hiyo, RawTherapee kwa RAW na Photopea kwa leya mbili tatu ni busara zaidi. Wanaotumia Photoshop ya kuvunjwa, mara nyingi ile CS6 ya mwaka 2012, hukutana na ukuta mwingine: kamera mpya za Canon hutoa faili la RAW la aina ya CR3, lililoanza 2018, na CS6 hailijui. Adobe DNG Converter ni ya bure na hugeuza CR3 kuwa DNG inayofunguka. Lakini afadhali ya darktable halali kuliko kukaa na mlango wazi kwa virusi kwenye mashine yenye picha za watu.

Stima ikikatika, tofauti ya programu huonekana wazi. Lightroom huandika kila hatua kwenye katalogi papo hapo, hivyo hupotezi zaidi ya hatua moja. Photoshop hujihifadhi kwa dharura kila dakika 10; ingia kwenye mipangilio uishushe iwe 5. Na kuhusu malipo ya kila mwezi, jua kinachobaki ukiacha kulipa: Lightroom Classic bado hufunguka na picha zako utazitoa, ila sehemu ya Develop, ya kurekebishia picha, hufungwa.

Wauzaji wa leso wa Barabara ya Biashara hawahitaji chochote cha kulipia. Wanahitaji rangi ya kweli, basi, maana mteja wa Lamu au wa Dubai akipokea leso nyekundu aliyoiona ya chungwa hanunui tena. Pigia kivulini karibu na mlango, taa za ndani zizimwe, karatasi nyeupe isiyong'aa iwe kwenye fremu ya kwanza. Kwenye Lightroom ya simu, toleo lisilolipiwa, rekebisha fremu hiyo, nakili mipangilio, bandika kwenye leso nyingine. Usiongeze ukolevu wa rangi. Nyekundu ya leso tayari iko ukingoni, ikizidi kidogo inafungana, na maandishi ya jina la leso hayasomeki. Anayetumia iPhone abadilishe kamera ihifadhi kwa Most Compatible, la sivyo faili lake la HEIC litakataa kufunguka kwenye kompyuta nyingi za saiba.

Picha za viza ni kazi ya programu rahisi kabisa, vipimo tu vizingatiwe. Ya viza ya Marekani ni inchi 2 kwa 2, kidijitali kati ya pikseli 600 na 1,200 kila upande, faili lisizidi KB 240, kichwa kijaze asilimia 50 hadi 69 ya urefu. Sita zinaenea sawasawa kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6. Za milimita 35 kwa 45 zinaingia nane. Msimamishe mtu mbele ya ukuta mweupe, umbali wa mita moja kutoka ukutani, kuliko kumkata kwa programu ya kufuta mandhari: inatafuna masikio na kingo za hijabu, na ofisi za viza hukataa picha iliyochezewa sura.

Zikienda kwa mchapishaji, mng'ao wa skrini yako ndio wa kwanza kushukiwa. Laptop iliyofunguliwa mwanga wote hukufanya uzitie picha giza bila kujua, na albamu inarudi nyeusi. Shusha mng'ao hadi karibu nusu, fanya kazi mbali na dirisha, chapisha tatu za majaribio kabla ya mia. Toa JPEG ya sRGB, mfumo wa rangi wa skrini nyingi, dpi 300 kwa ukubwa halisi. Ukitoa Adobe RGB, mfumo wenye rangi pana zaidi, kwenye simu nyingi na kwa wachapishaji wengi rangi hupooza. Bango la mita 2 kwa 1 linatosha kwa dpi 100, yaani pikseli 7,874 kwa 3,937. Usilijaze 300 ukaiua mashine.

Na mteja akizitaka kwa WhatsApp, mtumie kama hati, usitume kama picha. Kwa njia ya picha WhatsApp huzibana upya, hata ukichagua HD, na kazi yote ya ngozi ya bibi arusi uliyoifanya kwenye biti 14 inafika ikiwa na chenga. Kwa Instagram mpe nakala nyingine ya upana wa pikseli 1,080, na uiite jina tofauti, ili ile ndogo isiishie kwa mchapishaji wa albamu.